Maji ya Beseni la Tatu

Beseni la kwanza lilikuwa sawa. La pili pia lilikuwa sawa. Nasema hivi kwa sababu watu waliniuliza baadaye, na mimi nilijiuliza mara nyingi kuliko wao.

Ilikuwa Sabato ya mwisho ya robo, siku yetu ya Meza ya Bwana, na kabla ya Meza huja kuoshana miguu. Wanaume hubaki upande wa mbele, wanawake tunakwenda chumba cha nyuma, ambacho Sabato nyingine ni darasa la watoto. Mimi ni shemasi wa maji. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na saba: kuchemsha, kuchanganya, kupima, kubeba. Huku milimani kwetu, mwezi wa sita, maji ya bomba yanauma kama meno. Hakuna anayemwosha mwenzake kwa maji hayo akasema ni upendo.

Nilipofika beseni la tatu, bomba la maji baridi likakohoa mara mbili, likakauka. Nikamimina kidogo kilichobaki ndooni, kisha nikazamisha mkono wa kulia, kama ninavyofanya siku zote. Mkono ukaniambia ni vuguvugu. Mvuke ulikuwepo, lakini asubuhi ile hata pumzi zetu zilitoa mvuke. Nikauamini mkono wangu.

Beseni la tatu lilikuwa la kwangu na Shangazi Namkunda. Tulikuwa tumenuniana wiki tatu kwa ajili ya mbegu za tangawizi, na desturi ni kumtafuta yule uliyenuniana naye. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kifuani, sketi ameikunja vizuri. Vifundoni zilimetameta njuga zake mbili. Ni vifaa vya tiba; jina lake rasmi ni refu, hakuna anayelitumia. Sisi tulianza kuziita njuga siku ya kwanza, kwa sababu zinavaliwa mguuni, ingawa hazitoi sauti. Shangazi anazo mbili. Mimi ninazo nne, kwa kuwa kwangu maradhi yalipanda mpaka mikononi.

"Osha vizuri hapo kati ya vidole," akasema. "Ndipo hasira yangu ilipojificha."

"Ni hasira au ni matope, Shangazi?"

"Vyote. Osha."

Nikauchukua mguu wa kushoto, nikauweka majini. Nikateka maji kwa kiganja na kuyamwaga juu ya unyayo, mara moja, mara mbili, huku nikimwomba radhi kwa maneno niliyosema kule shambani. Wanawake waliimba. Shangazi alifumba macho, akatabasamu. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya taulo, unangoja zamu yake.

Niwaeli, muuguzi wetu wa zahanati, alikuwa ameinama jirani akitafuta sabuni. Ncha za vidole vyake ziligusa maji ya beseni letu.

"Yesu wangu!" Aliruka kama aliyeumwa na nyoka, akanigeukia. "Mama Senzota! Utoe! Utoe mguu!"

"Una nini wewe?" Shangazi akauliza, macho bado yamefumbwa.

Nikauinua. Ngozi ya juu ya mguu ilikuwa imekunjamana, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na ilibaki nyuma kidogo nilipouvuta. Wimbo ukakatika katikati ya mstari. Nikautazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono, na malengelenge yalianza kupanda, nami sikusikia chochote.

Katika chumba kile kizima aliyelia ni Niwaeli peke yake, kwa vidole vitatu.

*

Zahanatini Niwaeli alituweka kwenye maji ya kawaida yanayotiririka kwa muda mrefu, mguu wa Shangazi na mkono wangu chini ya bomba moja, kama watoto waliokamatwa wakiiba asali.

"Nimepikwa," Shangazi akasema, "na wala hamjanionja chumvi."

Hakuna aliyecheka. Aliuangalia mguu wake kama anayeangalia mguu wa mtu mwingine.

"Mbona hauumi, Nakijwa?" akaniuliza.

Mimi ni msimamizi wa njuga katika kata yetu. Nilifundishwa kuzisoma nikiwa na miaka hamsini, na kila Jumatatu natuma taarifa za watu thelathini na mmoja kwenye makao makuu ya taasisi iliyotuletea. Niliigusisha njuga ya mguu wa kushoto na kisomeo changu. Mistari ikapanda kiooni. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi palikuwa na wimbi refu kama mlima. Mishipa ya Shangazi ilikuwa imepiga kelele kwa nguvu zake zote. Njuga ililisikia wimbi, ikaliandikia neno moja pembeni, ikalizima.

Neno lenyewe lilikuwa: *uongo*.

Nieleze hapa. Mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari ni kama mlinzi mlevi. Anapiga yowe usiku kucha wakati mwizi hayupo, na mwizi akija kweli, mara nyingine mlinzi amelala. Kwa hiyo mgonjwa anaungua wakati hakuna moto, anatambaliwa na siafu ambao hawapo, shuka inakuwa miiba, na siku akikanyaga msumari anarudi nao nyumbani ndani ya kiatu. Njuga haimponyi mlinzi. Inachofanya ni kujifunza sauti yake. Kila yowe la uongo linapokuja, inatuma mpigo mdogo wa kulikabili, na yowe linakufa kabla ya kufika kichwani.

Lakini lazima ifundishwe na mwenye mguu. Siku arobaini. Kila maumivu yanapokuja unaangalia mguu wako, unaugusa, unageuza unyayo kwenye kioo. Ukiona sababu, jiwe, moto, jeraha, unabonyeza kitufe cheupe kwenye njuga yake: kweli. Usipoona sababu unabonyeza cheusi: uongo.

Siku zetu arobaini ziliangukia mwezi wa sita wa mwaka jana. Na mwezi wa sita, sisi watu wa milimani, tukiisha kula chakula cha jioni, tunatia miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye tangawizi iliyopondwa. Bibi zetu walifanya hivyo. Kila siku kabla ya mafunzo niliwaambia wenzangu kwamba mwenye ganzi haruhusiwi kutia miguu kwenye maji ya moto. Walisema ndiyo, wakaenda kutia. Nilijua. Niliwakuta jioni wameketi, miguu ndani ya beseni, njuga vifundoni, wakisikia mchomo na kubonyeza cheusi, cheusi, cheusi, kwa sababu mchomo wa maji yale waliuona ni raha, na hakuna anayetaka raha iitwe moto.

Nilijua, nikanyamaza. Nyumbani kwangu mimi nami nilikuwa na beseni. Mikono pia niliitia.

"Kuungua nitakuandika kwenye daftari la zahanati," Niwaeli aliniambia akinifunga bandeji. "Ajali ya maji ya moto. Lakini mambo ya njuga si yangu, Mama Senzota. Ni yako."

Shangazi alikuwa ameshasikia. Alinishika mkono ule mzima.

"Unataka kuandika nini?"

"Bado sijui."

"Unajua. Ukiandika, wanatuzimia. Si ndiyo? Wanazima zote." Sauti yake ilishuka. "Nakijwa, mwanangu. Mguu utapona. Andika kwamba bomba lilikauka. Si kweli lilikauka?"

"Lilikauka, Shangazi."

"Basi. Hutakuwa umesema uongo."

*

Jumapili asubuhi nilimpigia Daktari Kihiyo, yule aliyetufundisha. Ni kijana mpole, na huwa anaanza kwa kuniuliza habari za mbuzi wangu.

"Daktari," nikasema, "kama njuga ingejifunza vibaya. Kama ingeyaweka maumivu ya kweli kwenye kapu la uongo. Ingefanywaje?"

"Mama, unaniuliza kuhusu mtu au kuhusu kitabu?"

"Kitabu."

"Kwenye kitabu, tukipata taarifa ya kuungua ambako njuga haikuonya, kituo chote kinaondolewa utulizaji siku inayofuata, saa sita mchana. Njuga zinabaki zinasikiliza tu. Halafu mafunzo upya. Siku arobaini."

"Siku arobaini bila kutulizwa?"

"Tutatuma vidonge. Vinapunguza, wewe unajua. Havizimi."

Nilijua. Shangazi Namkunda alivinywa miaka minne. Usiku alilala miguu ikiwa nje ya dirisha, katika baridi hii ya kwetu, na mumewe marehemu akimshikilia mabega asije akaanguka. Aliwahi kumwambia mchungaji, mbele yangu, kwamba ombi lake kwa Mungu lilikuwa wamkate miguu yote miwili, na kwamba anaomba kwa imani.

"Haiwezekani kufuta somo moja tu?" nikauliza. "Somo la joto peke yake?"

"Njuga haijui kwamba lile ni somo la joto, Mama. Inajua tu alichoambiwa na mwenyewe. Yeye ndiye aseme tena, kwa ukweli." Akashusha pumzi. "Mama Nakijwa, kama siyo kitabu..."

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Dhambi ndogo, lakini niliihesabu.

Niliingia chumbani nikapiga magoti. Nilimwomba Mungu anipe njia ya tatu. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi kama miguu. Sikupewa njia ya tatu. Nilichopewa ni kumkumbuka Mzee Mbonea.

Mzee Mbonea yumo katika wale thelathini na mmoja. Kazi yake ni kugeuza tangawizi kwenye sakafu ya kukaushia, pale linapoanza kushuka kapu la angani, la kwenye waya, linaloteremsha magunia kwenda bondeni. Sakafu ile ina mabomba ya maji ya moto chini yake. Wafanyakazi wote huvaa viatu vya mbao.

Nilikwenda nikikimbia nusu na kutembea nusu. Nilimkuta katikati ya sakafu, reki mkononi, suruali imekunjwa, anaimba tenzi. Alikuwa peku.

"Mzee Mbonea! Shuka hapo!"

"Shikamoo ndiyo hiyo siku hizi?" akacheka.

"Shikamoo, Mzee. Shuka, nakuomba."

"Marahaba. Una haraka gani Jumapili? Viatu vimekatika ukanda tangu Alhamisi. Lakini sakafu yenyewe leo wameiwasha kidogo tu, haina hata joto." Alinyanyua reki na kugeuza mstari mwingine wa tangawizi, bila wasiwasi wowote. "Unajua miaka mingapi sikuweza kutembea peku, mama? Ninatembea kama kijana."

Niliinama nikaweka kiganja cha kushoto sakafuni. Kiganja kikaniambia ni vuguvugu. Safari hii sikukiamini. Nilimwita mwanamke aliyekuwa akifunga magunia, asiye na njuga, nikamwomba aguse. Aliondoa mkono haraka na kuupuliza.

Mzee Mbonea akashusha reki.

Tulimshusha tukamkalisha juu ya gunia. Alikataa kuinua unyayo. Niliuinua mwenyewe. Kisigino kilikuwa kimekauka rangi ya kahawia, kigumu, na pembeni yake kulikuwa na ufa unaotoa maji. Kilikuwa cha siku nyingi, siyo cha leo. Alikuwa amekaangwa taratibu tangu Alhamisi.

"Unakitazamaga kioo, Mzee? Kila siku, kama nilivyosema?"

"Nilikitazama mwanzoni," akasema polepole. "Nilipoacha kuumwa nikaacha kutazama. Mtu anatazama nini kisichouma?"

Wenzake ishirini na tisa walikuwa majumbani mwao, mbele ya majiko yao.

*

Sikutuma taarifa kabla ya kumwona Shangazi. Nilimkuta kitandani, mguu juu ya mito miwili. Alisoma uso wangu kabla sijafungua mdomo.

"Usiniambie."

"Nimetoka kwa Mzee Mbonea. Kisigino chake..."

"Mwambie avae viatu! Wavae viatu wote! Wapime maji kwa mtoto, wapime kwa mbwa, wanunue vipimo!" Alipiga godoro. "Kwa nini lazima iwe mimi niungue tena?"

"Kwa sababu viatu hukatika, Shangazi. Na vipimo husahaulika. Mimi ndiye niliyewafundisha kutazama miguu, na mimi nilimwosha mtu kwa maji ya moto nikimwomba radhi."

"Ulinipikia mguu mmoja," akasema. "Sasa unataka kuichoma yote miwili." Yaliyofuata aliyasema taratibu, na ndiyo yaliyoniumiza. "Nikifa katika siku hizo arobaini, Nakijwa? Kwa sababu moyo wangu si mzima tena. Utamwambia nini Mungu?"

"Sijui."

"Unaomba sana wewe. Muulize."

"Nimemuuliza, Shangazi. Amenionyesha kisigino."

Akageukia ukutani. Nikaketi pale pale kwenye kigoda, nikafungua kisomeo, nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja. Niliandika habari za bomba na beseni la tatu. Niliandika habari za tangawizi na mwezi wa sita, na kwamba msimamizi aliona watu wakibonyeza cheusi ndani ya maji ya moto asiwazuie, kwa sababu naye alikuwa akifanya hivyo. Nilipofika kwenye jina langu nilitaka kuandika "msimamizi" tu. Nikaandika jina.

Shangazi aliusikia mlio wa kutuma. Mabega yake yalitingishika mara moja.

Alasiri yote nilipita nyumba kwa nyumba. Wengine walinitukana. Mmoja alinifungia mlango. Bibi mmoja alinipa ndizi na kuniambia kwamba alikuwa anajua, kwamba alishaiva kidole mwezi wa tatu, na alinyamaza ili zisizimwe.

*

Jumatatu saa tano na nusu nilirudi kwa Shangazi. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Niwaeli alikuwa amefika kubadilisha bandeji, na vidonge vilikuwa mezani na bilauri ya maji. Mzee Mbonea alikuwa amelazwa zahanatini. Kisigino kitabaki, Niwaeli alisema, ila kingechelewa wiki moja kisingebaki.

Shangazi alisikia hilo.

Tukangoja. Ukutani saa ilikwenda. Saa sita kasoro dakika mbili alianza kuomba kwa sauti ya chini, kwa Kipare, maneno aliyofundishwa akiwa mtoto. Nikaomba naye. Sikujua kama ananiruhusu.

Saa sita taa ndogo kwenye njuga zangu ikageuka kutoka kijani kuwa njano.

Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha mkono wangu wa kulia uliamka ndani ya bandeji, kama mtu aliyeitwa jina lake, na nikauma midomo. Miguu ikafuata. Siafu, kisha miiba, kisha moto ule wa zamani ambao nilikuwa nimeshausahau umbo lake. Shangazi alijikunja. Sauti iliyomtoka haikuwa neno. Niwaeli alimshika mabega, pale pale marehemu mumewe alipokuwa akimshika, na tulikaa hivyo, sijui muda gani, mpaka pumzi yake ikaanza kuhesabika tena.

"Nakijwa," akasema hatimaye. Jasho lilikuwa limemlowanisha kilemba.

"Niko hapa, Shangazi."

"Mguu wa kulia haukuoshwa."

Sikumwelewa.

"Juzi. Ulikuwa juu ya taulo. Umeniacha nimeoshwa nusu, siku tatu sasa." Akameza mate. "Na mimi nina maneno moyoni juu yako ambayo siwezi kulala nayo pamoja na moto huu. Vyote viwili siviwezi. Leta beseni."

Nikaleta. Nilitia maji ya bomba na kidogo ya moto, kisha nikamsogezea Niwaeli bila kuyagusa. Alikunja mkono wa sweta akazamisha kiwiko.

"Ongeza baridi," akasema. Nikaongeza. "Basi. Sawa."

Nikapiga magoti, nikauchukua mguu wa kulia kwa mkono wa kushoto.

"Unaniosha kwa kushoto?" akasema kwa meno yaliyoumana.

"Wa kulia umeiva, Shangazi."

Kitu kama kicheko kilimtoka, kikakatwa na maumivu. Nikateka maji, nikayamwaga juu ya unyayo, nikamwomba radhi. Safari hii sikuwa na mbegu za tangawizi za kuzungumzia. Nilimwomba radhi kwa beseni, kwa mwaka mzima wa kunyamaza, na kwa siku hii. Naye, akitetemeka, alinitamkia maneno aliyokuwa nayo moyoni, yote, mbele ya Niwaeli, na yalikuwa makali. Nikayapokea. Kisha akasema, "Nimekusamehe," kama mtu anayetua mzigo asioupenda.

"Huu unaungua?" nikauliza, nikiwa bado nimeushika.

"Unawaka."

"Utazame kwanza."

Aliinama. Aliugeuza kwenye kioo, kisigino, kidole kwa kidole, katikati ya vidole, taratibu, kama nilivyopaswa kumsimamia tangu mwanzo. Machozi yalimdondoka majini.

"Hakuna kitu," akasema. "Unawaka, na hakuna kitu." Akabonyeza cheusi.

"Na ule?"

Aliuangalia mguu wa kushoto juu ya mto, bandeji mpya, nyeupe. Kidole chake kilisimama juu ya vitufe muda mrefu.

"Ule ni wewe," akasema, akabonyeza cheupe.

Nikachukua taulo.